Bajeti ya miezi 6 kwa boti ya matanga: Kilifi hadi Kilwa na kurudi, hatua kwa hatua

Msimu wa upepo wa kaskazi ukikaribia, maswali huanza kuja. Wanaouliza hubadilika mwaka hadi mwaka, lakini shida ni ile ile: boti imetia nanga Tanga au Zanzibar, fedha zimekatika, na nyumbani ni mbali. Wengi wao si wazembe. Walikaa chini, wakaandika, wakajumlisha. Kosa lilikuwa kwenye kipimo: walihesabu maili, dizeli na chakula cha njiani, wakasahau kwamba safari ndefu hulipwa kwa siku, na kwamba boti hula zaidi ya watu waliomo.

Ili hesabu zishikike, nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Boti ni ya faibaglasi, urefu wa mita 10, ina injini ndogo ya dizeli, na thamani yake ni shilingi 2,400,000 za Kenya. Ndani wamo watatu: mume, mke na baharia mmoja wa kuajiriwa. Wanatoka Kilifi mwanzoni mwa Januari, wanashuka hadi Kilwa, wanarudi mwishoni mwa Juni. Bei nilizoweka ni za mfano. Weka zako, lakini usiruke mstari hata mmoja.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla ya kushika kalamu

- Daftari gumu na kalamu. Simu hulowa, daftari lililofungwa kwenye mfuko wa plastiki hubaki.
- Ramani ya bahari ya ukanda mzima, Kilifi hadi Kilwa.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa la mwaka wa safari.
- Kumbukumbu za matengenezo ya boti: lini waya za mlingoti ziliwekwa, lini injini ilifunguliwa, lini rangi ya chini ya maji ilipakwa.
- Mkataba wa bima, wote, pamoja na kurasa za maandishi madogo.
- Taarifa za benki na za fedha za simu za miezi 3 iliyopita, zikuonyeshe unavyotumia kweli.
- Barua au ujumbe wa maandishi kutoka bandari na hifadhi utakazopita, ukionyesha ada zao za sasa.

Hicho cha mwisho ndicho watu hukiruka. Ada alizolipa rafiki yako miaka miwili iliyopita hazikusaidii. Andika, uliza, subiri jibu, lihifadhi.

## Hatua ya 1: Funga kalenda ya pepo kwanza, fedha baadaye

Pwani yetu ina milango miwili, na kila mmoja hufunguliwa kwa miezi yake. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi na kukusukuma kusini. Kusi huanza kushika Aprili na kukurudisha. Mkondo wa bahari kwenye pwani ya Tanzania huenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kaskazi hulegea, wakati wa kusi hukaza, na kwenye njia za maji kati ya bara na visiwa vya Pemba na Unguja unaweza kufika maili 4 kwa saa. Boti ya mita 10 inakwenda maili 5 kwa saa. Ukijaribu kushuka kusini mwezi wa Juni, upepo usoni na mkondo usoni, utachoma dizeli usiku kucha na alfajiri uione minara ile ile uliyoiacha jioni.

Kwa hiyo andika tarehe hizi kabla ya shilingi ya kwanza: siku ya mwisho ya kutoka Kilifi, siku ya mwisho ya kuvuka Dar es Salaam ukielekea kusini, na siku ya kwanza unayokubali kugeuza. Kwenye mfano wetu ni 10 Januari, 1 Machi na 10 Mei. Katikati ya Aprili na mwanzo wa Mei mvua za masika zikiwa zimekolea, boti ipumzike ndani ya bandari ya Kilwa Masoko, ambayo imekingwa vizuri na visiwa vilivyo mbele yake.

Kwa nini hili ni suala la fedha? Ukichelewa wiki tatu kutoka Kilifi, hutapoteza wiki tatu. Unaweza kufika Dar es Salaam kaskazi imekwisha, na hapo huna budi kukaa hadi upate njia au kugeuza safari nzima. Kila wiki ya kukaa ina bei, tutaikokotoa muda si mrefu.

Umefanikiwa ukiwa na: ukurasa mmoja wenye tarehe tatu, na mwenzako wa safari anazijua kwa moyo.

## Hatua ya 2: Hesabu siku

Kilifi iko karibu nyuzi 3 na dakika 38 kusini mwa ikweta, Kilwa Masoko karibu nyuzi 8 na dakika 56. Kila nyuzi moja ni maili 60 za bahari, kwa hiyo umbali wa moja kwa moja unazidi kidogo maili 318. Kwa vipindo vya pwani weka 350. Kwenda na kurudi ni 700. Ongeza Pemba, Mafia na mizunguko mingine, weka 900.

Maili 900 kwa mwendo wa maili 5 kwa saa ni saa 180. Safari ya Januari hadi Juni ina kama siku 170, yaani saa 4,080. Gawanya. Boti itakuwa ikitembea kwa chini ya saa 5 katika kila saa 100. Muda wote uliobaki imetia nanga, nanyi mnakula, mnapika, mnachaji simu, mnalipa ada, mnateremka mjini na kukutana na watu.

Tazama hesabu hiyo kwa makini, maana ndiyo inayoangusha bajeti nyingi. Anayepanga kwa maili anapanga kwa saa zile 180. Zile 3,900 zilizobaki hajaziandikia kitu.

Chora jedwali lenye mistari 170, mstari kwa siku. Kila mstari uandike boti iko wapi, na moja kati ya alama tatu: T kwa siku ya kutembea, N kwa siku ya nanga mahali pasipo na duka, M kwa siku ya nanga mbele ya mji. Utaona haraka kwamba siku za M ndizo ghali. Mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar au Msasani ya Dar es Salaam fedha hutoka kwa teksi, soda, vipuri, nguo za kufua na wageni waliokuja kuwatembelea. Siku za N, kwenye ghuba tulivu ya Pemba au Mafia, mnaweza kumaliza jua hadi jua hamjafungua pochi.

Onyo: usipunguze siku za kusubiri hali ya hewa ili jumla ipendeze. Katika kila siku 10 weka angalau 2 za kusubiri. Anayetoka kwa sababu bajeti inambana, wakati bahari inamwambia abaki, ameshaanza kuhatarisha roho za watu.

## Hatua ya 3: Tenga gharama za kuitayarisha boti na gharama za safari

Hizi ni fedha mbili na ziwe kwenye akaunti mbili. Ukizichanganya, matayarisho yatameza safari, kwa sababu fundi huwa na neno moja zaidi la kusema.

Kagua boti ikiwa imepandishwa chelezoni, nje ya maji, na orodhesha kwa mpangilio huu:

1. Kinachoiweka boti juu ya maji. Vali zote zilizo chini ya maji, sili (kizibo cha kuzuia maji) ya mhimili wa rafadha, yaani panga la injini, bawaba za usukani, mkuku (uti wa chini wa boti) na boliti zake, pampu za ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti. Hapa hakuna kubana.
2. Kinachosimamisha mlingoti. Waya za mlingoti zenye umri wa miaka 10 hadi 15 kampuni nyingi za bima hutaka zibadilishwe, na zina haki. Uzi mmoja uliokatika kwenye waya unatosha kuwa sababu.
3. Nanga. Tafadhali soma mara mbili aya ya nanga iliyo chini ya orodha hii.
4. Injini. Vipoza maji, mikanda, mabomba ya mpira, filta, tangi la dizeli lisafishwe ndani.
5. Matanga na kamba. Henza na demani, yaani kamba za kupandishia tanga na za kulivutia, zikichakaa zibadilishwe. Tanga la zamani lenye mishono imara linatosha.
6. Starehe. Friji, taa za mapambo, spika. Ni za mwisho, na fedha zikiisha kwenye namba 5 utasafiri bila hizo na utafurahi.

Kuhusu nanga: kwenye bamvua, siku za maji makubwa karibu na mwezi mpya na mwezi mpevu, maji ya pwani hii hupanda na kushuka karibu mita 4. Ukitia nanga penye kina cha mita 6 wakati wa kupwa, maji yakijaa utakuwa na mita 10. Ongeza mita 1 ya urefu wa omo, yaani pua ya boti, juu ya maji, unapata 11. Zidisha kwa 5 ili nanga ilale na kushika, unapata mita 55 za mnyororo na kamba. Watu wengi wanakuja na mita 30 wakilaumu nanga. Nunua mnyororo wa kutosha, nanga kuu kubwa kuliko ile duka linayokupendekezea, na ya pili ya akiba. Boti inayoshika vizuri haihitaji kulipia boya kila usiku, kwa hiyo mnyororo huo utarudisha bei yake kabla ya kufika Dar.

Kwenye mfano wetu matayarisho yamekula 350,000. Hayamo kwenye jumla ya safari itakayofuata.

Umefanikiwa ukiona: orodha ina tarehe ya kukamilika, na namba 1 hadi 4 zimefutwa zote kabla hujagusa namba 6.

## Hatua ya 4: Fungua mfuko wa boti na uulipe kama kodi

Kanuni wanayoitumia wenye boti wengi duniani ni kutenga asilimia 10 ya thamani ya boti kwa mwaka kwa matengenezo. Kwa boti ya 2,400,000 hiyo ni 240,000 kwa mwaka, au 20,000 kwa mwezi. Kwa miezi 6 ni 120,000.

Mwezi ambao hakijaharibika kitu, fedha hiyo isiguswe. Haimaanishi umeokoa 20,000. Chumvi inafanya kazi yake usiku na mchana, na kinachochakaa Februari huvunjika Mei. Mwezi wa Mei utaleta pampu ya maji, alteneta na kipande cha tanga kwa pamoja, na fedha za Februari, Machi na Aprili ndizo zitakazoyabeba.

Ndani ya mfuko huu weka pia gharama ya kuleta vipuri. Sili ya shilingi mia chache ikitoka nje ya nchi hutozwa usafiri, ushuru na gharama ya wakala, na jumla inaweza kuzidi bei ya sili mara kadhaa. Dawa yake ni kubeba vidogo vinavyokufa mara kwa mara: impela 3 za pampu ya maji, mikanda 2, filta za dizeli 6, filta za oili 2, vifaa vya kutengeneza pampu ya choo, na kopo la gundi ya epoksi.

### Kusafisha chini ya boti bila kulipia chelezo

Hapa maji yetu yanatupa zawadi. Tofauti ile ya mita 4 hukuruhusu kuikalisha boti kwenye mchanga mgumu, maji yakipwa ukwangue chaza na mwani, upake rangi, ubadilishe zinki za kinga, maji yakijaa uelee tena. Wenye majahazi wamefanya hivyo karne kwa karne, wakipaka shahamu kwenye mbao.

Zingatia mambo mawili. Boti yenye mkuku mfupi na mwembamba isikalishwe bila miguu ya kuishikilia au ukuta imara wa kuegemea, itaanguka ubavu. Na usiingie mchangani siku ambayo bamvua limefika kilele. Ingia siku moja au mbili kabla, ili maji ya siku inayofuata yawe makubwa zaidi na yakuinue. Ukikalishwa na maji makubwa kuliko yote, yanayofuata ni madogo, na utakaa hapo hadi bamvua lijalo, karibu wiki mbili.

## Hatua ya 5: Dizeli, umeme, maji na gesi

Dizeli. Injini ya mfano wetu inakula lita 2.5 kwa saa ikitembeza boti. Chukulia itasaidia tanga theluthi ya saa 180, yaani 60, na kuingia na kutoka nangani mara 40 kwa saa moja moja. Jumla ni saa 100, lita 250. Kwa shilingi 170 kwa lita ni 42,500.

Umeme. Sasa angalia kinachotokea usipokuwa na sola. Kuwasha injini saa moja kila siku kuchaji betri ni saa 170. Hata kwa lita 1.5 tu kwa saa, ni lita 255 na shilingi 43,350. Umetumia dizeli nyingi kukaa kuliko kutembea. Zaidi ya hapo, injini ya dizeli inayozungushwa bila mzigo kwa muda mrefu huchafuka ndani. Paneli za sola na betri nzuri ziingie kwenye matayarisho, na mstari huu ufutwe.

Petroli ya kiboti cha kushukia: lita 4 kwa wiki, wiki 25, ni lita 100. Kwa shilingi 180, weka 18,000. Anayepiga kasia atapunguza nusu.

Nunua mafuta mjini, kwenye kituo chenye wateja wengi, na uyachuje kwa funeli yenye kichujio hata kama muuzaji anaapa. Maji kidogo ndani ya dizeli yatakuzimia injini mlangoni mwa bandari, mahali pabaya kuliko pote.

Maji. Lita 5 kwa mtu kwa siku kwa kunywa na kupika, kwa watu 3 ni lita 15. Tangi la lita 200 linaisha siku ya 13. Beba madumu manne ya lita 20 na dawa ya klorini, na kwenye jedwali la siku weka alama ya mahali pa kujaza.

Gesi. Mtungi wa kilo 6 kwa wiki tatu hadi nne. Weka 9,000. Vali za mitungi hutofautiana, hivyo hakikisha kabla ya kutoka kwamba regileta yako itakubali mtungi wa upande wa pili. Gesi hii ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutuama ngamani na kungoja cheche. Mtungi ukae nje au kwenye kisanduku chenye tundu la kumwaga nje ya boti.

## Hatua ya 6: Chakula na baharia

Weka 500 kwa mtu kwa siku. Watu 3, siku 170, ni 255,000. Mchele, unga, maharage, kunde kavu, vitunguu na mafuta nunua kwa jumla kabla ya kutoka. Samaki, nazi, muhogo na matunda utapata njiani, mara nyingi kwa bei nzuri kuliko mjini. Usiingize kwenye hesabu samaki utakaowavua wewe.

Baharia alipwe kwa mwezi, kwa makubaliano ya maandishi, ikiwemo nauli yake ya kurudi mkiachana njiani. Kwa 20,000 kwa mwezi ni 120,000. Kumwahidi mtu mgao usiojulikana ni kumdhulumu, hata kama nia ni njema.

## Hatua ya 7: Karatasi, ada na bima

Ukitoka Kenya utahitaji kupitia forodha, uhamiaji na bandari, Mombasa kwa mfano, na kufanya vivyo hivyo ukiingia Tanzania, iwe Tanga au Zanzibar. Boti ngeni hukaa kwa kibali cha muda cha forodha. Tarehe ya mwisho ya kibali hicho iandike kwenye jedwali la siku kwa wino mwekundu, maana faini ya kuchelewa haikuwamo kwenye bajeti ya mtu yeyote. Zanzibar ina mamlaka zake za bandari na za bahari, kwa hiyo usidhani karatasi za bara zinamaliza mambo Unguja na Pemba. Panga ada za pande zote mbili.

Kila mtu awe na pasi na kitabu cha chanjo ya homa ya manjano.

Malipo mengi ya serikali Tanzania hufanyika kwa kumbukumbu namba ya malipo, kupitia benki au fedha za simu. Hii ina maana unahitaji laini iliyosajiliwa huko na salio ndani yake siku ya kwanza. Sajili laini kwa pasi mara tu ukigongewa muhuri. Omba risiti kwa kila shilingi na uibandike daftarini. Bandari ya tatu ikiuliza kama ya pili ulilipa, risiti itajibu kwa niaba yako.

Hifadhi za bahari zina ada ya mtu kwa siku, na viwango vya raia na wageni hutofautiana sana. Kisite-Mpunguti upande wa Kenya, Misali upande wa Pemba, na Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995. Watu 3 kwa siku 10 ni ada 30. Ukiikumbuka hesabu hiyo utachagua siku 10 zenye maana badala ya kujikuta umekaa 25. Na ulipe kwa moyo mweupe, kwa sababu matumbawe hayo ndiyo uliyoyafuata.

Kwa karatasi zote na hifadhi, mfano wetu umeweka 90,000.

Bima. Iulize kampuni ya bima maswali manne kwa maandishi. Mpaka wa kusini ni wapi? Kampuni nyingi huogopa maji ya karibu na Cabo Delgado, kule Msumbiji, kwa sababu ya vita vilivyoanza Oktoba 2017, na ndiyo sababu mfano huu unageuzia Kilwa. Je, uharamia umeondolewa kwenye fidia? Sekta ya meli iliacha kuiita Bahari ya Hindi eneo la hatari kubwa tarehe 1 Januari 2023, lakini mkataba wako unaweza kuwa na mpaka wake. Je, kimbunga kimo? Wengi huamini vimbunga havifiki kwetu. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia Mei 2024. Na swali la nne: wewe mwenyewe utalipa kiasi gani kabla bima haijatoa chochote? Kiasi hicho kiwepo kwenye akiba, la sivyo bima uliyonayo ni karatasi.

Bima ya boti na ya matibabu kwa pamoja, pamoja na ya kusafirishwa kwa ndege mgonjwa akizidiwa kisiwani, weka 80,000.

Simu, intaneti na usafiri wa nchi kavu: 10,000 kwa mwezi, 60,000.

## Hatua ya 8: Jumlisha, kisha ongeza akiba mbili

Mfano wetu:

- Mfuko wa boti: 120,000
- Dizeli na petroli: 60,500
- Chakula: 255,000
- Gesi: 9,000
- Baharia: 120,000
- Karatasi na hifadhi: 90,000
- Bima: 80,000
- Simu na usafiri: 60,000

Jumla: 794,500.

Akiba ya kwanza ni asilimia 20, yaani 158,900. Inabeba kupanda kwa bei na hasara ya kubadilisha fedha, kwa kuwa unapata kwa shilingi moja na kutumia kwa nyingine.

Akiba ya pili ni ya kurudi nyumbani ghafla. Katika miezi 6 kutakuwa na msiba, au mzazi ataugua, na utaondoka tu, hakuna anayebishana na hilo. Kutoka Mafia au Kilwa hadi Kilifi ni nauli ya watu, wakati mwingine ndege ndogo, kisha basi hadi mpakani Horohoro na Lungalunga, mchango wa familia, na mlinzi anayelala kwenye boti mpaka mrudi. Weka 60,000 kwenye akaunti ambayo kadi yake haimo botini kwa matumizi ya kawaida.

Jumla kuu: 1,013,400. Kwa siku 170, ni karibu 6,000 kwa siku.

Bado hujaandika matumizi ya nyumba uliyoiacha. Kodi, karo, mkopo, mlinzi, stima. Hayo hayasafiri nawe lakini hayakomi, na yawe na ukurasa wake na chanzo chake cha fedha. Kama yanategemea akaunti ya safari, safari imekwisha kabla ya mwezi wa tatu.

### Bei ya wiki moja ya kusubiri

Chukua vile visivyosimama boti ikisimama: chakula 1,500 kwa siku, baharia 667, mfuko wa boti 667, simu na usafiri 333, gesi kama 53. Ni 3,220 kwa siku, au 22,540 kwa wiki. Iandike namba hii ukurasa wa kwanza. Siku utakaposhawishika kuahirisha kutoka kwa sababu ya sherehe fulani, utajua sherehe ina bei gani. Na siku upepo utakapokulazimisha kubaki, utajua kwamba 22,540 ni rahisi kuliko mlingoti.

## Hatua ya 9: Jaribu bajeti kabla ya safari

Oktoba au Novemba, kabla kaskazi haijakaza, nendeni kisiwa cha Wasini, kusini mwa pwani ya Kenya, na kurudi kwa wiki mbili. Watu wale wale, boti ile ile, kulala ndani kila usiku, hakuna kurudi nyumbani kuoga. Andika kila shilingi, kila lita ya maji, kila saa ya injini.

Mkirudi, gawanya mlichotumia kwa mlichokadiria. Kama mlikadiria 40,000 na mkatumia 52,000, mmezidi kwa asilimia 30. Ongeza asilimia 30 kwenye mistari ile ile ya safari kubwa. Usijiambie kwamba wiki zile zilikuwa za pekee. Jumla mpya isipotosha, fupisha safari: geuzieni Zanzibar au Dar es Salaam. Ukigusa akiba hata kabla ya kung'oa nanga, umeibakisha jina tu.

Umefanikiwa ukiona: tofauti kati ya makadirio na matumizi haizidi asilimia 10, na bado mnaongea vizuri.

## Hatua ya 10: Daftari la kila Jumapili na mstari wa kugeuza

Fedha ziwe sehemu tatu: matumizi ya wiki taslimu, ya mwezi kwenye simu, na iliyobaki benki. Usihamishe ya mwezi ujao kabla mwezi haujaisha.

Kila Jumapili jioni, wote watatu mkiwepo, fungueni daftari. Andikeni matumizi ya wiki, saa za injini, lita zilizobaki, na kilichoharibika. Kazi hii haifiki nusu saa, na baharia ashiriki, kwa sababu yeye ndiye anayejua mkanda umeanza kupiga kelele lini.

Halafu linganisheni na mstari wa kugeuza. Kwenye mfano wetu, kurudi kutoka Kilwa ni maili 350 na kama wiki 7 pamoja na kusubiri: 7 mara 22,540 ni 157,780, ongeza dizeli na ada za njiani, weka 200,000 kamili. Siku fedha za matumizi, bila akiba zote mbili, zikifika 200,000, omo inaelekea nyumbani kwa upepo wa kwanza unaofaa, hata kama hamjaona kisiwa cha Songo Songo.

Mkiwa Zanzibar mstari ni mdogo zaidi, kwa sababu nyumbani ni karibu, lakini kama ni Februari upepo bado unawapinga kurudi. Kwa hiyo hesabuni pia wiki za kungoja kusi, kwa bei ile ile ya 22,540, kabla ya kuamua mpaka wenu ni shilingi ngapi.